Rafu ya Akina Mohamed

Ukimwendea muuza vitabu vya mtumba ukamwambia unataka riwaya ya Mohamed, mjuzi wa kazi atakuuliza: Mohamed yupi? Asiye mjuzi atakutolea cha kwanza kitakachomjia mkononi. Nimeshuhudia Dar es Salaam, vitabu vikiwa vimetandazwa kwenye turubai kando ya barabara, mama mmoja aliyeagizwa Utengano na mwanawe akiuziwa Kiu. Alisoma jalada, akaona Mohamed, akalipa. Sijui kijana alisema nini mama aliporudi, ila kama ni msomaji wa kweli hakula hasara.

Kosa lile linasameheka. Fasihi ya Kiswahili ya karne iliyopita, hasa iliyotoka Zanzibar, imejaa akina Mohamed. Yuko Muhammed Said Abdulla, aliyemzaa Bwana Msa. Yuko Mohamed Suleiman Mohamed wa Kiu na Nyota ya Rehema. Yuko Said Ahmed Mohamed wa Asali Chungu na Utengano. Yuko Muhammad Saleh Farsy wa Kurwa na Doto, Muhammed Seif Khatib wa Fungate ya Uhuru, na huku Bara yuko Mohamed Said aliyeandika maisha ya Abdulwahid Sykes. Ukiwafupisha kwa herufi za mwanzo, kama walimu wetu wanavyopenda, Abdulla, Farsy, Khatib na yule wa Kiu wote ni M. S., na Mohamed Said naye hayuko mbali. Mwanafunzi anayeandika kwenye karatasi ya mtihani kwamba "M. S. anasema" anaweza kuwa anamtaja mtunzi wa hadithi za mauaji, mshairi aliyekuwa waziri, au msimulizi wa maisha ya kijijini Unguja.

Hapana mtunza maktaba ambaye angeviweka vitabu hivi mahali pamoja kwa hiari yake. Kuna upelelezi, diwani, tamthilia, historia ya siasa na masimulizi ya mila. Kilichovikutanisha ni jina tu, na kusoma kwa kufuata jina ni ujinga kama ujinga mwingine. Lakini nilipovisoma hivyo niliona jambo ambalo mihtasari ya shule, kwa tabia yake ya kutenga riwaya huku na ushairi kule, hailionyeshi. Akina Mohamed hawa, kila mmoja kwa njia yake, wanalizunguka swali ambalo mzee wa pwani humuuliza kijana asiyemfahamu kabla hata ya kumkaribisha kiti: wewe mtoto wa nani?

Kwa nini jina hili ni jingi, hilo halihitaji maelezo marefu. Ni jina la Mtume (S.A.W.), na nyumba ya Kiislamu isiyo na Mohamed ni ya kutafuta kwa tochi. Desturi ya kumpa mtoto jina la babu yake inamalizia kazi: Mohamed anamzaa Suleiman, Suleiman anamzaa Mohamed, na baada ya kila kizazi jina linarudi nyumbani. Mtaani hali hiyo haisumbui. Watu wana Mohamed Fundi, Mohamed Mrefu, Mohamed wa Makunduchi, Mudi wa Bi Fulani. Wenye nisba wana nisba zao, kina Farsy na kina Ghassani. Walioleta matata ni watu wa fomu. Fomu ya shule, pasipoti na katalogi ya maktaba zote zinadai jina la ukoo, hata kwa mtu ambaye majina yake matatu ni lake, la babake na la babu yake. Basi la tatu linageuzwa la ukoo kwa nguvu. Ndiyo maana Said Ahmed Mohamed anawekwa kwenye M, kwa jina ambalo si lake wala la baba yake, na Muhammed Said Abdulla, aliyepewa jina la Mohamed siku ya akika, anakwenda kukaa kwenye A. Mohamed Suleiman Mohamed pekee ndiye aliyesalimika. Yeye ukimshika kichwani ni Mohamed, na ukimshika mkiani ni Mohamed.

Na bado kuna tahajia. Mohamed, Muhammed, Muhammad, Mohammed, Muhamadi: kwa masikio ni jina moja, kwa kompyuta ya maktaba ni watu watano.

Anayestahili kufungua rafu ni yule wa Makunduchi. Muhammed Said Abdulla alizaliwa huko kusini mwa Unguja mwaka 1918. Aliajiriwa kama mkaguzi wa afya wa vijijini, yule ambaye watu humwita bwana afya, na akaifanya kazi hiyo kwa miaka mingi. Mwaka 1948 akageukia magazeti. Alihariri Zanzibari, akapitia Al Falaq na Afrika Kwetu, kisha tangu 1958 hadi alipostaafu mwaka 1968 akawa mhariri wa Mkulima, jarida la kilimo. Mchana mambo ya mashamba, na kalamu ile ile ikitoka ofisini inakwenda kuua watu kwenye daftari. Katika shindano la uandishi wa hadithi la East African Literature Bureau la 1957-58, hadithi yake Mzimu wa Watu wa Kale ilishika nafasi ya kwanza, na mwaka 1960 ikatoka kitabu. Zikafuata Kisima cha Giningi mwaka 1968, Duniani Kuna Watu mwaka 1973, Siri ya Sifuri mwaka 1974, Mke Mmoja Waume Watatu mwaka 1975, Mwana wa Yungi Hulewa mwaka 1976, na mwishowe Kosa la Bwana Msa mwaka 1984.

Jina la mpelelezi wake ni herufi za mwandishi mwenyewe: M, S, A. Bwana Msa anavuta kiko, hana haraka, anapenda kunyamaza wakati wengine wanashindana kusema, na pembeni yake yupo rafikiye Najum wa kuuliza maswali ambayo msomaji naye angetaka kuyauliza. Wahakiki walikwisha sema zamani kwamba huyu ni Sherlock Holmes aliyevikwa nguo za Unguja. Hawakukosea, ila wamewafanya watu wasitazame kazi anayoifanya Bwana Msa. Holmes huokota majivu ya sigara na udongo wa viatu. Bwana Msa huokota maneno ya watu. Anasikiliza nani anamwita nani kwa jina gani, nani alilelewa nyumba ipi, nani hapendi kutajiwa mamake. Mafundo yake mengi hulegea pale nasaba inapowekwa wazi: kumbe huyu ni mtoto wa yule, kumbe hawa wawili ni ndugu na hawajui. Polisi wanaitafuta silaha, yeye anautafuta uzazi.

Nina dhana kwamba ule ubwana afya haukumtoka. Tazama majina ya vitabu viwili vya mwanzo. Mzimu ni mahali watu wanapopeleka nadhiri na wasipopasogelea ovyo. Giningi, katika masimulizi ya Zanzibar, ni makao ya wachawi, na ukilitaja usiku kuna watoto hawatalala. Mwandishi anamleta msomaji mpaka kwenye ukingo wa hofu hiyo, anamwacha asimame hapo atetemeke kidogo, halafu anamtuma Bwana Msa. Naye haondoki na pepo, anaondoka na mtu mwenye miguu miwili na tamaa. Bwana afya aliyesoma kazi yake hufanya vivyo hivyo. Kijiji kikiugua matumbo, wengine watazungumzia husuda na mashetani. Yeye anainama kuchungulia kisimani.

Sitasema kila kitu katika vitabu hivi kimekaa sawa. Sadfa zinapandana mpaka mahali pengine msomaji anakuna kichwa, na baadhi ya mazungumzo yanazunguka kama gari la abiria linalotafuta watu wa kujaza viti. Wapo pia waliomlaumu Abdulla kwa kukaa kimya juu ya siasa: Mapinduzi ya Januari 1964 yalipita, vitabu vyake vingi vikatoka baada ya hapo, na Bwana Msa hakushtuka wala kiko hakikumzimikia. Lawama hiyo ina uzito, lakini isizidishwe. Mtu anayesoma visa vile vya urithi, mashamba na watoto waliofichwa anaiona Zanzibar ya kabla ya 1964 ikiwa imekaliwa na siri ambazo haziwezi kudumu.

Mwaka ule ule wa 1960, shirika lile lile la uchapishaji lilitoa kitabu cha Mohamed mwingine. Muhammad Saleh Farsy aliandika Kurwa na Doto, akakipa jina refu la chini linalosema kwamba ni maelezo ya makazi katika kijiji cha Unguja, yaani Zanzibar. Mabinti wawili mapacha: aliyetangulia kutoka ni Kurwa, aliyefuata ni Doto, kama desturi inavyotaka. Sura moja, tabia mbili. Ni kitabu kidogo, hakina haraka, na sehemu zake nzuri ni zile ambazo hadithi inasimama ili mwandishi aeleze watu wanavyoishi kijijini, wanavyooana na wanavyogombana. Wengine huona huo ni udhaifu wa riwaya. Mimi naona kwamba ukiondoa maelezo hayo kitabu kizima kinaporomoka. Mmoja alitoa mauaji, mwingine akatoa mapacha, wote M. S., wote wa Unguja, mwaka mmoja. Mtu akiwachanganya sitamcheka.

Miaka kumi na miwili baadaye riwaya ya Zanzibar ilibadilika kabisa, na aliyeibadilisha ni Mohamed wa kichwa na mkia. Mohamed Suleiman Mohamed ameacha nyuma yake vitabu vichache mno: Kiu mwaka 1972, Nyota ya Rehema mwaka 1976, na hadithi fupi za Kicheko cha Ushindi mwaka 1978. Vitatu hivyo vinatosha. Nakala yangu ya Kiu imepita mikononi mwa wanafunzi, ina mhuri wa shule uliofifia, na pembeni mwa kurasa kuna penseli ya mtu aliyekuwa akiwinda "dhamira" na "tamathali". Kwenye kurasa za mwanzo penseli inafanya kazi kila baada ya mistari mitatu. Kadiri mzee Mwinyi anavyozidi kumtamani Bahati, na kijana Idi anavyozidi kuziona fedha za mzee, alama zinapungua, na kuanzia katikati hakuna hata moja. Nadhani mwanafunzi yule alisahau mtihani akaanza kusoma.

Abdulla alikuwa akitufichia mtu hadi mwisho. Mohamed huyu hatufichi chochote. Tangu mwanzo tunajua nani ana kiu ya mapenzi na nani ana kiu ya mali, na tunachosubiri ni kuona vitawafikisha wapi. Hofu yake ni ya namna nyingine: si ya kutojua, ni ya kujua na kushindwa kuzuia.

Lakini kitabu chake kikubwa ni Nyota ya Rehema, na nikilazimishwa kubaki na kimoja tu katika rafu nzima, ndicho hicho. Rehema ni binti wa Fuad, mtu wa mashamba na jina, lakini kwao hatakiwi. Hapa lile swali la mtoto wa nani halimsumbui mpelelezi. Limeingia ndani ya mtoto mwenyewe. Baba yake anajulikana, hakuna siri ya kufichua, na kujulikana huko hakumsaidii chochote. Anatoka, anapotea, anaokotwa na dunia kwa namna ambayo dunia humwokota msichana asiye na wa kumtetea, hatimaye anamkuta Sulubu, mkulima ambaye mali yake ni mikono. Wanakwenda kulima Ramwe. Sura za Ramwe zimeandikwa na mtu anayeijua kazi ya shamba: magugu, mvua, uchovu wa jioni, furaha ya kuona kilichopandwa kimetoka. Halafu ardhi waliyoitolea jasho inadaiwa na wengine, kwa sababu jasho si hati. Huyu anasema kuhusu ukoo na ardhi yale ambayo Bwana Msa alikuwa akiyapita kando kwa adabu.

Said Ahmed Mohamed ndiye anayejulikana zaidi, na Kenya imechangia sana. Alizaliwa Zanzibar mwaka 1947, akafundisha, akasoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akapata udaktari Leipzig, akafundisha Eldoret, Osaka na hatimaye Bayreuth, Ujerumani. Utengano, iliyotoka mwaka 1980, ilikuwa kitabu teule cha mtihani wa kidato cha nne Kenya, kwa hiyo kuna watu wazima Kisumu na Machakos ambao hawajavuka bahari kwenda Unguja maishani mwao lakini wanamjua Maksuudi kama jirani. Walipomaliza na Utengano wakakutana na Damu Nyeusi, mkusanyiko wa hadithi fupi alioushughulikia pamoja na Ken Walibora. Kisha ikaja diwani ya Tumbo Lisiloshiba, ambayo hadithi iliyoipa jina ni yake. Wanafunzi wa Kenya wamekuwa na Mohamed huyu darasani kwa miaka mingi kuliko walivyokuwa na walimu wao.

Kwake nasaba imekuwa mtego wa kulipiza kisasi. Dude wa Asali Chungu ni mwana wa nje wa Zuberi, na riwaya nzima ni deni linalodaiwa baba. Katika Utengano, Maksuudi anayewafungia ndani mke na binti yake kwa jina la heshima ananaswa na Kazija, mwanamke anayewavuta baba na mwana kwa wakati mmoja. Ukatili wa mpango huo ni mkubwa, na msomaji anashangilia huku akijionea haya. Kuhusu Maimuna, yule binti anayetoroka kifungoni na kwenda kuanguka mjini, nina neno moja. Mwandishi anamtoa shimo hili kumtia lile kwa bidii ambayo mara nyingine inaonekana. Rehema anaanguka mwenyewe. Maimuna unauona mkono unaomsukuma. Baadaye, katika Babu Alipofufuka ya mwaka 2001, mkono huo unajionyesha kwa makusudi: mzimu wa babu unamtembelea mkubwa mmoja anayeitwa K, herufi moja tu, mtu aliyeuza kila kitu mpaka jina.

Hapo kwenye jina ndipo penye kichekesho kikubwa cha rafu hii. Anapoandika riwaya na tamthilia, ni Said Ahmed Mohamed. Anapoandika makala za kitaaluma anasogea kizazi kimoja nyuma na kutia sahihi Said A. M. Khamis. Kwa katalogi hawa ni watu wawili, mmoja msanii, mmoja msomi, na hawakuwahi kukutana. Mwaka 2003 jarida moja la taaluma za Afrika la nchi za kaskazini mwa Ulaya lilichapisha uhakiki wa Babu Alipofufuka, ukichambua ilivyovunjavunja usimulizi na ilivyochota kwenye masimulizi ya mdomo. Mhakiki alikuwa Said A. M. Khamis. Siku hizi utawaona wanafunzi wa chuo wakimnukuu Khamis kuunga mkono hoja yao juu ya Mohamed, bila kujua kwamba wamemwita mshtakiwa atoe ushahidi kwenye kesi yake. Wazee wa fomu walituunganishia watu wengi kwenye jina moja. Huyu amewalipa kwa kujigawa.

Jambo lingine la kuangalia ni kwamba katika vitabu hivi vya wanaume wenye jina la mwanamume, wanaobeba hadithi ni wanawake. Kurwa, Doto, Bahati, Rehema, Maimuna, na hata yule mke mmoja wa waume watatu. Katika jamii inayomtambua mtu kwa baba, mwanamke ndiye anayejua ukweli wa uzazi, na watunzi wa Zanzibar wanaujua utamu wa jambo hilo. Anayeshika siri ndiye anayeshika kisa.

Waliobaki nitawapitia kwa kasi zaidi. Muhammed Seif Khatib, mzaliwa wa Umbuji, Unguja, alikuwa mwanasiasa na waziri katika serikali ya Muungano mpaka watu wakasahau kwamba ni mshairi. Wanafunzi hawakuweza kusahau: Fungate ya Uhuru ya mwaka 1988 iliingia kwenye orodha ya kidato cha tano na sita Tanzania, na Wasakatonge ya mwaka 2003 kwenye ile ya madarasa ya chini. Alifariki mwaka 2021. Diwani ya pili imejaa wachapakazi wanaohangaikia tonge ili wengine washibe, na ni haki ya msomaji kukumbuka, kila anapogeuza ukurasa, kwamba aliyeandika alikuwa upande wa meza uliojaa sahani. Sisemi hivyo kumkejeli. Ushairi wa mtu aliyeona karamu kwa ndani una uchungu ambao wa nje hawezi kuupata, na Khatib hakuwa na kawaida ya kuficha uchungu huo kwa mafumbo mazito.

Mohamed Said hatungi. Kitabu chake kuhusu Abdulwahid Sykes kilitoka London kwa Kiingereza mwaka 1998, kisha kikaja kwa Kiswahili, na kazi yake ni kudai kwamba katika historia ya kudai uhuru wa Tanganyika kuna wazee wa Dar es Salaam, wengi wao Waislamu wa mjini, ambao majina yao yalipungua kila kitabu cha historia kilipochapwa upya. Unaweza kumkubali au kumpinga, na wanaompinga wapo. Lakini mweke karibu na Nyota ya Rehema uone: naye anazungumzia urithi, na warithi waliokuta hati imekwisha andikwa.

Mohammed Khelef Ghassani, Mpemba anayeishi Ujerumani na kufanya kazi ya utangazaji, alishinda tuzo ya ushairi ya Mabati-Cornell mwaka 2015 kwa N'na Kwetu: Sauti ya Mgeni Ugenini. Jina la diwani ni jibu la moja kwa moja kwa mtu aliyeulizwa kwao ni wapi. Ugenini swali la mzee wa pwani haliulizwi tena kwa kiti na kahawa. Linaulizwa na ofisa nyuma ya kioo, na fomu ni ile ile.

Nikisogea kaskazini na nyuma, nafika Lamu kwa Muhamadi bin Abubakari, ambaye dunia inamjua kwa jina la utani la Kijuma. Alizaliwa katikati ya karne ya 19 na kufariki mwaka 1945. Alikuwa mchonga milango, mtunzi wa nyimbo za ngoma, na mwandishi wa hati za Kiarabu mwenye mkono uliotafutwa na Wazungu waliokuja kukusanya tenzi. Miswada aliyowanakilia iko leo London na Ujerumani. Mwaka 1913 aliandika Utenzi wa Fumo Liyongo, na hapo swali letu linapata jibu la kutisha kuliko yote. Liyongo hauawi kwa upanga wala mkuki. Mfalme wa Pate anamtumia mwanawe wa kumzaa, anamwahidi mke, na mtoto anamchoma baba kitovuni kwa sindano ya shaba, mahali pekee panapomuua, siri ambayo ni mwana tu angeweza kuambiwa. Shujaa anakufa amepiga goti na upinde mkononi karibu na kisima, na mji mzima unakosa maji kwa kuogopa kumsogelea maiti.

Wa zamani kuliko wote si wa pwani, ila pwani imemfanya wake. Hamziya, ambayo Sayyid Aidarus aliitia katika ushairi wa Kiswahili na ambayo ni miongoni mwa kazi kongwe za lugha hii zilizohifadhiwa kwa maandishi, asili yake ni kasida ya Kiarabu ya Al-Busiri wa Misri, mtu wa karne ya 13. Ndiye pia mwenye Burda inayosomwa mpaka leo Lamu na Unguja. Jina lake halisi? Muhammad bin Said. Katika Burda anatumainia kupata hifadhi kwa Mtume kwa sababu ameitwa jina lake. Karibu miaka mia nane kabla ya fomu zetu, Mohamed Said mmoja alishaona kwamba kugawana jina ni mali.

Mwezi uliopita niliamua kuvipanga vitabu hivi upya kwa jina la kwanza, lile ambalo mtu huitwa na mamake. Rafu imekaa vizuri kiasi. Al-Busiri amekuja mwanzoni, Kijuma kando yake, Abdulla na Farsy wamebanana, na Mohamed Said wa Dar es Salaam amekaa jirani na Muhammed Said wa Makunduchi, jambo ambalo hakika litaleta fujo mgeni akiazima kitabu. Said Ahmed Mohamed imebidi ahame. Amekwenda kwenye S, kwa Shaaban Robert na kwa Shafi Adam Shafi, ambaye naye ni yule yule ukimshika kichwani au mkiani. Makala alizotia sahihi ya Khamis nimeziacha kwenye faili peke yake, kwa kuwa bado sijaamua kama ni za mwandishi au za mhakiki wake.